Mwonjaji wa Ukumbusho

Kuna nchi moja ambayo jina lake halitatajwa hapa, si kwa woga, bali kwa sababu jina lenyewe lilikuwa bado liko kwenye kamati. Katika nchi hiyo adhabu ilifutwa siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, kwa kupiga makofi. Kuanzia saa nne na dakika tano hapakuwa tena na mtu aliyeadhibiwa. Wale waliokuwa wakipigwa shoti za umeme mkononi kwa sababu ya tabia zao waliendelea kupigwa, lakini sasa jambo hilo liliitwa Ukumbusho, na mkanda uliokuwa ukiwapiga ulipakwa rangi ya kijani, rangi ya matumaini.

Mkanda huo ulitunzwa katika Nyumba ya Kurekebisha Tabia, juu ya kilima, nje kidogo ya makao makuu. Huko walipelekwa watu ambao ndugu zao walishindwa nao: anayejing'ata, anayejigonga kichwa, anayekula udongo mpaka tumbo linavimba. Ukumbusho ulikuwa na ngazi kumi. Ya kwanza iliwasha kama upupu. Ya kumi hakuna aliyejua ikoje, maana waliowahi kuipata hawakuwa watu wa kuzungumza.

Kukawa na kelele kidogo. Magazeti ya nchi jirani yaliandika kwamba si uungwana kumpiga umeme mtu asiyeweza kusema "basi". Serikali ile, ambayo haikupenda kusemwa na jirani, ikaunda Kamati ya Maadili. Kamati ikakaa siku tatu, ikala vitumbua mia tisa, ikatoka na uamuzi ambao mpaka leo husomwa kwa kusimama: hakuna Ukumbusho utakaofungwa kwenye mkono wa mgonjwa kabla haujaonjwa na mtu mwenye akili timamu, kama vile mpishi anavyoonja mchuzi kabla ya kupakua.

Wajumbe walipigiana makofi. Kisha wakatazamana.

Mwenyekiti, Profesa Lukwaro, alikuwa na presha. Mchungaji alikuwa na msiba. Shehe alikuwa amefunga. Mwanasheria alisema angependa sana kuonja, tena kwa moyo mweupe, ila ungekuwa mgongano wa maslahi. Ndipo likatoka tangazo la kazi: Mwonjaji, nafasi moja. Awe na akili timamu, mkweli, mtulivu, asiye na makelele. Elimu yake isizidi darasa la saba, ili maoni yake yasije yakawa yamechafuliwa na vitabu.

Akapatikana Sikudhani.

*

Sikudhani alikuwa na miaka ishirini na miwili, na alikuwa mtu wa kutazama. Wengine wanapoingia mahali huanza kwa kusema. Yeye alianza kwa kukaa pembeni na kuangalia nani anamwangalia nani. Shangazi yake, aliyemlea, alimsindikiza mpaka kituoni akimwambia, "Kazi ya serikali hiyo, mwanangu. Ukiulizwa, itikia. Usipoulizwa, nyamaza. Utastaafu salama."

Kila Jumanne aliketi kwenye kiti cha mbao. Nesi Faustina akamfunga mkanda mkono wa kushoto, akamshika kifundo cha mkono wa kulia kuhesabu mapigo ya moyo, macho kwenye saa yake. Kitufe kikabonyezwa. Kisha Sikudhani akajaza Fomu ya Ladha: je, Ukumbusho huu (a) hausikiki, (b) ni kidogo, (c) ni wa wastani, au (d) unafundisha? Hapakuwa na (e).

Mara ya kwanza, kwa ngazi ya tatu, alijing'ata ulimi hadi damu. Akaweka alama kwenye (d), akaandika pembeni kwa mwandiko wake wa shule ya msingi: *Inauma sana.* Kamati ilifurahi. Profesa Lukwaro alisema huo ndio ukweli wa mwananchi wa kawaida, na akaagiza ngazi ya tatu isizidiwe.

Mambo yangebaki hapo, kila mtu angekuwa na sehemu yake ya heshima. Shida ilikuwa kwenye maisha ya siku zilizobaki, zile ambazo si Jumanne. Habari zilikwishazagaa kwamba Mwonjaji amejaa umeme. Bombani, wanawake wa jikoni walipomwona anakuja na ndoo, walivuta za kwao.

"Jamani sogeeni, atatuunguza huyu."

"Dada, mwilini bado una moto? Nichajie simu yangu basi, umeme wa kwetu umekatika!"

Wakacheka. Sikudhani naye alicheka, kwa adabu, akasubiri wote waishe kuchota. Mpishi alimwekea sahani ukingoni mwa ukuta, kisha akarudi nyuma hatua tatu, kama mtu anayemwekea chakula mbwa asiyemjua. Siku ya Idi watu walipopeana mikono uwanjani, yeye walimpungia kwa mbali. Mlinzi mmoja mpya, aliyekuwa hajaambiwa, alimpa mkono. Alipoambiwa, alikwenda kuunawa.

Hivyo ikapita miezi minane. Jumanne moja Sikudhani alijikuta ameamka mapema, ameoga, amejipaka mafuta mikononi, na moyo wake umechangamka kama wa mtu anayekwenda harusini. Akajiuliza anafurahia nini. Akapekua moyoni, polepole kama kawaida yake, akakuta jibu: zile dakika mbili ambazo Nesi Faustina humshika kifundo cha mkono. Katika juma zima ndizo dakika pekee ambazo mtu alimgusa. Jambo hilo lilimshtua kuliko mkanda wowote.

*

Mwili nao ulikuwa umefanya yake kimyakimya. Mpishi aliyekwisha kuzoea pilipili huweka pilipili, naye huambiwa na ulimi wake kwamba bado. Ngazi ya tatu, mwezi wa pili, ilimjia Sikudhani kama ya wastani. Mwezi wa nne ikawa kidogo. Naye, kwa kuwa aliajiriwa kwa ukweli, aliandika ukweli: kidogo. Wakamwonjesha ya nne, ikafuata njia ile ile. Wakamwonjesha ya tano, kisha ya sita. Alidhani wanamjaribu yeye tu. Hakuna aliyemwambia fomu zinakwenda wapi.

Aliligundua hilo kupitia dirisha. Benchi alilokalia akila lilitazamana na chumba namba kumi na mbili, chumba cha wanawake wenye Tabia Korofi Sugu ya Kujigonga. Ndani alikaa mmoja tu, Nyamizi, mwanamke wa rika lake, aliyeletwa na kaka zake na ambaye hakuwahi kutamka neno. Siku hiyo Nyamizi alishika nyavu za dirisha, na Sikudhani akauona mkono wake: kutoka kifundo hadi kwenye kiwiko, alama za mkanda zilikuwa zimepangana, nyekundu juu ya nyeusi.

Alimfuata Nesi Faustina kwenye kibaraza.

"Nesi, samahani. Fomu zangu huwa zinakwenda wapi?"

"Kamatini."

"Kisha?"

"Kisha zinarudi na muhuri."

"Kisha?"

"We Sikudhani nawe! Kisha mkanda unapandishwa. Ukisema kidogo, ni kidogo, wanapandisha. Ulidhani tunazifungia maandazi?"

Sikudhani akasimama pale hadi Nesi akaingia ndani na kufunga mlango.

Jumanne iliyofuata, baada ya ngazi ya sita, aliweka alama kwenye (d), akachora mwenyewe kisanduku cha (e), akaandika: *Inauma sana sana, tafadhali mshushe.* Alhamisi akaletewa barua yenye mihuri miwili. Ilisema hivi: "Wakati unaonja, moyo wako ulipiga mara sabini na mbili kwa dakika. Moyo wa mtu anayeumia haupigi hivyo. Unaonywa kwa kosa la kujidai kuumia. Ukirudia, Kamati itausikiliza moyo wako moja kwa moja bila kukusumbua wewe."

*

Basi akarudi kwenye kazi anayoiweza, kutazama.

Karani wa vipigo, kijana mwenye saa shingoni, alikuwa ameandika kwamba Nyamizi hujigonga ukutani mara mia na arobaini kwa siku. Idadi ilikuwa sahihi. Ila karani aliingia pale kipigo kinapoanza na kutoka kinapokoma, kwa hiyo hakuwahi kuona kinachotangulia. Sikudhani alikiona. Chumba kikiwa kimya, mlango umefungwa, Nyamizi aliutazama mlango kwa muda mrefu. Kisha alijifuta uso kwa kiganja. Akavuta gauni likafunika magoti. Akajiweka sawa, kama mtu anayetarajia wageni. Ndipo alipogonga kichwa chake ukutani, mara moja, mbili, tatu.

Na wageni walikuja! Walinzi wawili wakimbiao, nesi, mshika mkanda, karani na saa yake, na mama wa usafi na kitambaa. Watu sita! Mmoja akamshika bega, mwingine mkono, mwingine kichwa, wakimwita kwa jina, "Nyamizi! Nyamizi!" Mkanda ukafungwa, ukafanya kazi yake, ukafunguliwa. Kisha wote sita wakatoka, na mlango ukafungwa, na Nyamizi akabaki akiutazama.

Sikudhani hakuhitaji kuelezwa. Aliyafahamu hayo tangu ile Jumanne aliyojipaka mafuta.

Kesho yake, saa ya chakula, alichukua sahani yake ukingoni mwa ukuta, akamwambia mama wa usafi, "Mama Chiku, nifungulie namba kumi na mbili."

"Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu. Nakwenda kula wali wangu."

Mama Chiku alimtazama kama anayetazama mtu anayekwenda kuoga kwa matope, akafungua. Sikudhani akaketi sakafuni, akala. Nyamizi hakumtazama. Sikudhani akasema, "Leo wali una mawe," akatema moja, likalia kwenye sahani. Nyamizi akageuza shingo. Siku hiyo, toka adhuhuri hadi alasiri, karani alishinda na saa yake akingoja kuitwa.

Akaenda tena na tena. Hakuwa na dawa, hakuwa na maarifa. Wakati mwingine alisimulia habari za shangazi yake, wakati mwingine alinyamaza tu, akasukwa nywele na Nyamizi, vibaya, mafundo matupu. Vipigo vikashuka hadi tisini, arobaini, tisa.

*

Grafu ya vipigo ikafika Kamatini.

Profesa Lukwaro alisimama nayo mikononi. "Ndugu wajumbe! Kwa mujibu wa, na kwa kuzingatia, na pasipo kuathiri yote niliyoyasema huko nyuma, historia itatuuliza: mlipofika ngazi ya sita, mliona nini? Nasi tutaijibu historia bila kigugumizi: tuliona mstari ukishuka! Kama ya sita imetupa vipigo tisa, basi ya nane itatupa sifuri. Naomba tuimalizie kazi. Mgeni wetu kutoka wizarani ashuhudie."

Mgeni kutoka wizarani aliitikia kwa kichwa, mdomo ukiwa na kitumbua.

Sikudhani alikuwa ameitwa kusaini tarehe ya kuonja ngazi ya nane. Hakuulizwa kitu. Akasimama hivyo hivyo.

"Shikamooni. Samahani wazee wangu. Si mkanda. Ni mimi nakaa naye."

"Unakaa naye?" akauliza Profesa. "Kwa utaratibu gani?"

"Nakaa tu. Nakula naye. Hajigongi mtu akiwepo. Hata mkanda wenyewe anauita kwa kuwa ukija unakuja na watu."

Mwanasheria akapekua kitabu kinene, mbele, nyuma, katikati. "Kukaa tu hakumo kwenye orodha ya tiba," akasema. "Na hata kungekuwemo, nauliza swali la maadili: hicho kikao kilionjwa na nani kabla hajapewa mgonjwa?"

Wajumbe wakavuta pumzi. Kweli, nani alikuwa amekionja?

"Binti," akasema Profesa kwa upole wa kutisha, "unafahamu madhara ya kukaliwa na mtu, kwa kiumbe asiyeweza kutoa ridhaa? Akizoea? Je, ukiondoka?"

"Basi nisiondolewe, mzee wangu."

"Mmeona?" Profesa akawageukia wenzake. "Tayari yeye mwenyewe amezoea."

Ikaamuliwa kwa kauli moja kwamba Mwonjaji asikaribie namba kumi na mbili, hatua ishirini kila upande. Benchi likang'olewa. Siku ya kwanza Nyamizi aliutazama mlango saa ya chakula yote. Siku ya pili karani aliandika vipigo mia mbili na saba, na Kamati ikasema: hiyo ndiyo hatari ya tiba isiyoonjwa, na sasa hata mtoto anaona kwamba ngazi ya nane haikwepeki. Ionjwe Alhamisi mbele ya wajumbe wote. Ijumaa apewe mgonjwa.

*

Jumatano nzima Sikudhani alikaa juu ya ndoo yake aliyoipindua, mbali hatua ishirini, akisikia ukuta wa namba kumi na mbili. Akiwaza. Akikubali kuonja, moyo wake utapiga sabini na kitu, na sabini na kitu hiyo itakwenda kwenye mkono wa Nyamizi. Akikataa, watamleta mwingine, mgeni, na mgeni atajifunza kuzoea kama alivyojifunza yeye. Akilia? Hawezi kulia kwa makusudi, na wao hawatasikiliza kilio, watasikiliza kifundo cha mkono. Kila mlango alioujaribu kichwani ulifunguka kwenye chumba kile kile. Mpaka alipofikiria chumba chenyewe.

Alhamisi meza ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe. Nesi Faustina alishika mkanda wa kijani. Mgeni kutoka wizarani alikuwa amekaa mbele kabisa.

"Keti, binti," akasema Profesa.

Sikudhani hakuketi. Alikwenda mpaka kwenye meza ya Kamati, akashika kingo zake kwa mikono miwili, akainama, akagonga paji la uso wake mezani. Vikombe vikaruka. Akagonga tena.

"Wewe! Sikudhani!" Nesi Faustina akatupa mkanda, akamkimbilia. "Una nini wewe?"

"Sina kitu, Nesi," akasema Sikudhani, na kugonga mara ya tatu.

Walinzi wakaja. Karani akabonyeza saa yake kwa mazoea. Mchungaji alikuwa wa kwanza kusema kile ambacho wote walikiona: ile ilikuwa Tabia Korofi, tena ya Kujigonga, tena mbele ya mgeni, na kwa mujibu wa kanuni mwenye nayo hulazwa palepale. Wanawake wa daraja hilo walikuwa na chumba kimoja tu. Cha pili kilikuwa bado kwenye mchoro.

"Apelekwe namba kumi na mbili," akasema Profesa, akijipangusa chai kwenye tai. "Na mleteni Mwonjaji mwingine."

"Mwenyekiti." Mwanasheria alikuwa amesimama, rangi imemtoka. "Kanuni inasema mwonjaji awe na akili timamu. Huyu kumbe… Sasa fomu zake zote tangu aajiriwe? Ngazi ya sita, ya tano, ya nne… hata ile ya tatu. Kisheria hakuna iliyoonjwa. Inabidi tushuke hadi sifuri, mpaka apatikane mwenye akili timamu, aanze upya."

"Itachukua muda gani?"

"Tangazo, usaili, uhakiki wa vyeti, uhakiki wa akili… tukifanya haraka, miezi kumi na mmoja."

Mgeni kutoka wizarani aliinua kidole. Akasema kwamba, kwa dharura, mjumbe yeyote mwenye uzalendo anaweza kuonja leo hii, mkanda si huo hapo? Profesa Lukwaro akakumbuka presha yake. Shehe, ingawa haukuwa mwezi wa kufunga, alikuwa amefunga sunna. Mchungaji akapigiwa simu na msiba. Tangazo likabandikwa papo hapo, na kabla ya jioni watu mia nne na kumi wakapanga foleni getini, vyeti kwenye mifuko ya plastiki, wakigombana nani alitangulia. Wengine walikuwa wamefika na digrii wakaambiwa wazifiche.

*

Namba kumi na mbili, walinzi walimwingiza Sikudhani, Mama Chiku akampangusa paji la uso, karani akaandika vipigo vitatu. Kisha wote wakatoka na mlango ukafungwa.

Nyamizi alikuwa kwenye kona. Kwa muda mrefu hakusogea, na Sikudhani hakumwita. Akaketi sakafuni, mgongo ukutani. Huko getini foleni ilipiga kelele, mtu alikuwa amerukia mbele. Kichwa kilimgonga kama ngoma. Akajiuliza kama shangazi yake ataletewa barua, na itaandikwa nini ndani yake, na kama miezi kumi na mmoja ni mingi au ni michache.

Nyamizi akaja akitambaa kwa magoti. Akaitazama nundu iliyovimba kwenye paji la uso wa Sikudhani, akaisogelea hadi pua zao zikakaribia kugusana. Akakusanya midomo, akaipuliza ile nundu.

"Inauma," akasema Sikudhani.

Hakukuwa na mtu wa kuandika. Nyamizi akapuliza tena.